Ploti, Njama na Msuko: Safari ya Neno Moja la Kiingereza na Somo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Swali la fasihi linapomtaka mtahiniwa ajadili ploti ya riwaya au tamthilia, majibu mengi huangukia katika makosa mawili. Kosa la kwanza ni kusimulia upya kisa kizima tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba mtahini hajakisoma kitabu. Kosa la pili halitokei mara nyingi, lakini linafunza zaidi. Mtahiniwa huanza kueleza mahali. Huandika kuwa ploti ya riwaya ni kijiji fulani, kisha akataja nyumba, mito na mashamba yaliyomo. Ameulizwa kuhusu ploti, naye amejibu kuhusu mandhari. Alama hupotea, na mwalimu hubaki akijiuliza mkanganyiko huu umetoka wapi.

Kosa hili la pili lina chanzo chake. Nchini Kenya, mtoto hulisikia neno "ploti" nyumbani miaka mingi kabla ya kulisikia katika kipindi cha fasihi. Mzazi akichukua mkopo katika chama, huenda ni wa kununua ploti. Familia ikihamia mjini, hupanga chumba katika ploti, na mwenye ploti hupita mwisho wa mwezi kudai kodi. Majirani wakigombana kuhusu kigingi cha mpaka, wanagombania ploti. Mtoto huyo anapofika shule ya upili na kuambiwa kwamba riwaya nayo ina ploti, ana haki ya kushangaa. Mara nyingi mwalimu humjibu kwa haraka kuwa hilo ni neno jingine, halihusiani na la ardhi, na kipindi huendelea.

Jibu hilo si sahihi. Ni neno lile lile. Makala haya yananuia kufuatilia historia ya neno la Kiingereza "plot": jinsi lilivyoanza kwa kipande cha ardhi, likapitia katika ramani, jukwaani na katika njama za kisiasa, hadi likawa istilahi ya uhakiki. Aidha, yataeleza jinsi Kiswahili kilivyozigawa maana hizo kwa maneno kadhaa, hasa "njama" na "msuko". Tunashikilia kwamba historia hii si pambo la somo. Mwalimu anayeijua ana njia nyepesi ya kumwonyesha mwanafunzi kwa nini kusimulia kisa si kujadili ploti.

Mwanzo: Kipande cha Ardhi

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichozungumzwa hadi karibu mwaka wa 1100, "plot" lilimaanisha kipande kidogo cha ardhi. Asili yake ya kabla ya hapo haijulikani. Maana hiyo ya ardhi ingali hai katika Kiingereza cha leo, nayo ndiyo iliyotufikia sisi kwanza.

Ni muhimu kutaja kuwa kipande cha ardhi si ardhi tu. Ardhi yenyewe imetandaa. Haina mwanzo wala mwisho. Huwa ploti pale tu mtu anapoipima, akaweka vigingi pembeni na kusema: hapa ndipo inapoanzia na hapa ndipo inapokomea. Kwa hiyo, hata katika maana yake ya awali, neno hili lilibeba wazo la mpaka na la mtu anayeuweka. Wazo hilo litatufaa tutakapofika kwenye fasihi.

Katika karne ya 16 neno lilipata maana ya pili. Uingereza ilikuwa ikipimwa upya. Kati ya miaka ya 1536 na 1540, Mfalme Henry VIII alivunja makao ya watawa na kutwaa ardhi yao, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikauzwa. Wanunuzi walitaka kujua walichonunua, na kazi ya wapimaji ardhi ikapanuka. Mpimaji alirudi kutoka shambani na karatasi yenye mistari iliyoonyesha mipaka. Karatasi hiyo nayo iliitwa "plot", au "plat", neno pacha lililoathiriwa na neno la Kifaransa lenye maana ya kitu tambarare. Hapo ndipo neno lilipohama kutoka udongoni hadi karatasini. Sasa halikuwa shamba tu. Lilikuwa pia mchoro wa shamba, yaani mpango unaotazamwa kabla ya mtu kuingia kazini. Kutoka kwa maana hii, baharia wa Kiingereza hutumia neno hilo anapochora njia ya chombo chake katika ramani, na mwalimu wa hisabati hulitumia anapowaambia wanafunzi watie alama za nukta kwenye grafu.

Kutoka Karatasini hadi Jukwaani

Mchoro wa shamba haukukaa muda mrefu kabla ya kuvuka na kuingia katika nyumba za maigizo za London. Mwishoni mwa karne ya 16, makundi ya waigizaji yalikuwa na karatasi maalumu iliyobandikwa juu ya ubao. Ubao huo ulikuwa na tundu upande wa juu ili uangikwe nyuma ya jukwaa. Karatasi yenyewe iligawanywa kwa mistari katika safu mbili, na kila safu ikakatwa vijisanduku. Kila kijisanduku kilikuwa onyesho moja: nani anaingia, akiwa amevaa au kubeba nini, na baada ya nani. Mwigizaji aliyesahau zamu yake alitupia jicho ubaoni, akajua. Karatasi hii iliitwa "plot" au "platt".

Chache kati ya karatasi hizo zimesalia. Moja imehifadhiwa katika Dulwich College, London, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1619 na mwigizaji maarufu Edward Alleyn. Nyingine zimo katika British Library. Mojawapo ni ya tamthilia ya George Peele kuhusu vita vya Alcazar, vilivyopiganwa nchini Moroko mwaka wa 1578. Anayeitazama karatasi ya aina hii huona kitu kinachofanana na ramani ya mpimaji: mistari, vijisanduku, na majina ndani yake. Tamthilia imegawanywa viwanja viwanja.

Ushahidi mwingine unatoka katika daftari la Philip Henslowe, mfanyabiashara aliyemiliki nyumba za maigizo. Tarehe 3 Desemba 1597 aliandika kuwa amemkopesha mtunzi Ben Jonson shilingi 20 kwa ajili ya tamthilia ambayo Jonson alikuwa amelionyesha kundi "plot" yake, na ambayo aliahidi kuikabidhi kufikia Krismasi. Tamthilia haikuwa imeandikwa bado. Kilichokuwapo ni mpango wake, na mpango huo ulitosha kuaminiwa na kulipiwa.

Hapa pana funzo la kwanza kwa mwanafunzi. Katika matumizi haya, ploti ilitangulia hadithi. Haikuwa muhtasari wa kitu kilichokwisha kuandikwa, bali mchoro wa kitu ambacho kingeandikwa. Mtahiniwa anayetoa muhtasari anatazama nyuma, kama mtu anayesimulia safari aliyokwisha kuimaliza. Anayejadili ploti anajaribu kuiona kazi kama mtunzi alivyoiona mezani pake, alipokuwa akiamua nani aingie kwanza na siri ipi ifichwe hadi lini.

Njama: Mpango Unaofichwa

Wakati huo huo neno lilikuwa likipata maana ya tatu, yaani njama. Wafaransa walikuwa na neno lao, "complot", lenye maana ya mapatano ya siri ya kutenda uovu, na Waingereza walilichukua katika karne ya 16. Sauti zake zilikaribiana na za "plot", na maana zilikaribiana pia, kwa sababu kula njama ni kupanga. Kufikia mwisho wa karne hiyo, "plot" peke yake lilitosha kumaanisha mpango wa siri dhidi ya mtu au serikali.

William Shakespeare aliishi katikati ya mabadiliko haya, na tamthilia zake zina maana zaidi ya moja. Katika Hamlet, jeshi linapita likienda kupigania kipande kidogo cha ardhi nchini Poland, na Hamlet anakitaja kipande hicho kwa neno hili. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, waasi hulitumia kwa maana ya njama yao dhidi ya mfalme. Katika tamthilia hiyo hiyo lipo onyesho ambamo waasi wanaitandaza ramani na kuigawa nchi mafungu matatu kabla hata ya kushinda vita. Mmoja wao analalamika kwamba kona ya mto imelipunguza fungu lake. Ardhi, ramani na njama zimekutana katika onyesho moja.

Tukio lililolikaza neno katika maana ya njama ni la mwaka wa 1605. Kundi la Wakatoliki lililoongozwa na Robert Catesby lilipanga kulilipua Bunge siku ambayo Mfalme James I angelifungua. Mapipa 36 ya baruti yalifichwa katika chumba kilichokuwa chini ya jengo hilo, na Guy Fawkes akawekwa kuyalinda. Siku chache kabla ya tukio, barua isiyo na jina la mwandishi ilimfikia Lodi Monteagle ikimwonya asihudhurie. Barua ikaonyeshwa wakuu wa serikali, chumba kikapekuliwa, na usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Fawkes akakamatwa. Hadi leo Waingereza huwasha mioto kila tarehe hiyo, na neno "plot" limo katika jina la tukio lenyewe.

Msomaji wa fasihi atatambua umbo la kisa hiki mara moja. Kuna mipango inayofanywa gizani, kuna kitu kilichofichwa chini ya miguu ya watu wasiojua lolote, kuna barua inayobadili mkondo wa mambo, na kuna ufichuzi. Mla njama na mtunzi wana jambo moja la pamoja: wote wawili wanaujua mwisho wanaoukusudia huku wengine wakiwa gizani, na kila hatua wanayoipanga sasa imewekwa kwa ajili ya hatua itakayofuata. Tofauti ni kwamba mla njama hufichuliwa kinyume cha mapenzi yake, ilhali mtunzi huchagua mwenyewe saa ya ufichuzi.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka wa 1678 mtu aitwaye Titus Oates alidai kuwa Wakatoliki walipanga kumuua Mfalme Charles II. Alitoa majina, mikutano na barua. Nchi ikaingiwa na hofu, na watu wasio na hatia wakanyongwa. Baadaye ilidhihirika kwamba njama hiyo haikuwapo, Oates aliitunga. Kwa maneno mengine, "plot" ya maana ya njama ilikuwa "plot" ya maana ya hadithi. Matukio yaliunganishwa vizuri, sababu zikafuatwa na matokeo, na kwa kuwa yaliunganishwa vizuri, watu waliyaamini. Mwalimu anayetaka kuonyesha nguvu ya ploti juu ya akili ya msomaji hana mfano wa kutisha kuliko huu.

Neno Linakuwa Istilahi ya Uhakiki

Katika karne ya 17, Waingereza walianza kulitumia neno hili kwa mpangilio wa matukio katika tamthilia au hadithi yenyewe, si kwa karatasi iliyoangikwa nyuma ya jukwaa pekee. Hatimaye likawa tafsiri ya kawaida ya neno la Kigiriki "muthos" alilolitumia Aristotle katika Poetics, kitabu cha karne ya 4 kabla ya Kristo. Aristotle aliupa mpangilio wa matukio nafasi ya kwanza katika tanzia, mbele ya wahusika na lugha. Alitaka uwe na mwanzo, kati na mwisho, na kila tukio litokane na lililotangulia kwa ulazima au kwa uwezekano wa karibu. Aidha, alizigawa tanzia katika sehemu mbili: sehemu ya kufunga fundo na sehemu ya kulifungua.

Mwaka wa 1927, mwandishi wa riwaya E. M. Forster alitoa kitabu chake Aspects of the Novel, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Cambridge. Humo alitenganisha kisa na ploti kwa mfano wa vifo viwili, cha mfalme na cha malkia. Kifo kimoja kikifuata kingine kwa mfuatano wa wakati tu, hicho ni kisa. Kifo cha pili kikiwa kimeletwa na huzuni ya cha kwanza, hapo pana ploti. Kisa hutufanya tuulize kilichofuata. Ploti hutufanya tuulize sababu.

Tunaweza kulisema jambo hilo kwa mfano wa nyumbani. "Mzee alifariki. Shamba likauzwa." Hayo ni matukio mawili katika kisa. "Mzee alifariki bila kuacha wosia, ndugu zake wakatumia nafasi hiyo kuliuza shamba, na wanawe wakabaki bila pa kulima." Sasa kila tukio limelishika jingine mkono. Mwanafunzi akiielewa tofauti kati ya sentensi hizi, ameielewa ploti.

Kiswahili Kilivyozigawa Maana

Kiswahili kililichukua neno "plot" mara mbili, kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa ardhi. Sheria za ardhi za kikoloni za mwaka wa 1902 na wa 1915 zilileta Kenya utaratibu wa kupima, kutia namba na kukodisha. Ile ya 1915 iliwawezesha walowezi kukodi mashamba kwa miaka 999. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 uliunganisha vipande vya ardhi vya Waafrika na kuleta hati za kumiliki. Kuanzia mwaka wa 1962, mpango wa ekari milioni moja ulinunua mashamba ya walowezi na kuyakata ili kuwapa makao wakulima wa Kiafrika. Katika shughuli hizi zote mtu alijulikana kwa namba ya kipande chake. Neno "ploti" likazama katika lugha ya kila siku, na mijini likapanuka hadi kumaanisha pia majengo ya vyumba vya kupangisha. Kule Tanzania na katika Kiswahili sanifu "kiwanja" hufanya kazi hiyo.

Mlango wa pili ulikuwa wa darasani. Wahakiki waliosoma istilahi za fasihi kwa Kiingereza walilihitaji neno hilo katika Kiswahili, nao wakaliswahilisha. Hivyo basi, "ploti" ya shambani na "ploti" ya riwaya zilifika kwa njia tofauti na kwa vinywa tofauti, zikakutana katika akili ya mtoto wa Kenya bila mtu wa kumweleza kuwa ni ndugu.

Kwa maana ya njama hatukuhitaji kukopa. "Njama" katika Kiswahili ni mapatano ya siri, na mtu huila, kama anavyokula kiapo. Wanaokula kiapo na wanaokula njama wamekitia kitu tumboni pamoja. Si rahisi kukitema. Katika Gikuyu, "njama ya ita" lilikuwa baraza la vita, nalo halikuwa na ubaya wowote. Neno linatukumbusha kwamba faragha ya shauri si uovu hadi tujue shauri lenyewe ni la nini.

Kwa maana ya kifasihi, hata hivyo, Kiswahili kina neno lake jingine, "msuko", ambalo vitabu vingi vya uhakiki hulitumia sambamba na "ploti". Hili halitokani na ardhi bali na kitenzi "kusuka". Fikiria mkeka. Msusi huchukua miyaa, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa, akaipishanisha mmoja juu, mmoja chini, hadi apate ukili mrefu. Kisha kili hushonwa pamoja zikawa mkeka. Muwaa mmoja hauna maana peke yake. Ukichomolewa, ukili hulegea. Msusi anayetia muwaa wa rangi huuficha chini ya mingine, na rangi yake huibuka mbele katika mahali palipokusudiwa.

Kiswahili hakiko peke yake katika taswira hii. Wahakiki wa Kiarabu huiita ploti "habka", neno la mzizi wenye maana ya kusuka au kufuma kwa kukaza. Wafaransa husema "intrigue", linalotokana na neno la Kilatini la kutatiza, na ambalo kwao humaanisha pia hila za siri. Nasi husema kwamba watu "wanasuka njama" au "wanasuka mpango". Kwa hiyo, udugu kati ya hadithi na hila, ambao Kiingereza kimeuhifadhi katika neno "plot", Kiswahili kimeuhifadhi katika kitenzi "kusuka".

Lipo neno jingine la zamani linalostahili kutajwa. "Ugwe" ni kamba nyembamba, na wingi wake ni "ngwe". Lakini "ngwe" pia ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu ailime, na kutokana na hapo ikawa hatua ya kazi au ya muda: mtu humaliza ngwe yake na kumwachia mwingine. Katika neno hili moja tuna kamba, kipande cha ardhi na hatua ya safari. Yale ambayo Kiingereza kiliyakusanya kwa karne kadhaa, Kiswahili kilikuwa kimeyaweka karibu karibu katika lugha ya mkulima.

Mfano: Kidagaa Kimemwozea

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyotahiniwa katika shule zetu miaka ya 2010, inafaa kuonyesha jinsi maana hizi zinavyokutana katika kazi moja. Katika riwaya hii kuna ardhi iliyonyakuliwa: Mtemi Nasaba Bora amejipatia mashamba kwa hati bandia, likiwemo la babu yake Amani. Kuna njama: babu huyo aliuawa, na ami yake Amani akasingiziwa mauaji hayo na kufungwa. Kuna pia hadithi iliyoibwa: mswada wa Amani umechukuliwa na Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi, na kutolewa kama kazi yake. Ndugu mmoja ameiba ploti ya ardhi, na mwingine ameiba ploti ya karatasini.

Mtahiniwa akiorodhesha mambo haya kwa mfuatano wa wakati, ametoa kisa. Lakini Walibora hakuyapanga hivyo. Mauaji na unyakuzi vilitokea kabla ya riwaya kuanza. Sisi tunakutana kwanza na vijana wawili, Amani na Imani, wakiwa njiani kuelekea Sokomoko kutafuta kazi. Amani anaajiriwa na mtu yule yule aliyeidhulumu jamaa yake, na Imani anaajiriwa nyumbani kwa Majisifu. Hatuambiwi yote mara moja. Ukweli unakuja kidogo kidogo, kwa mbinu rejeshi na kwa vidokezo, na kila kidokezo kinaibadilisha maana ya yale tuliyokwisha kuyasoma. Kama habari za babu zingetolewa katika ukurasa wa kwanza, kisa kingebaki kile kile lakini msuko ungekatika. Amani angekuwa mlipiza kisasi tangu mwanzo, wala si mchungaji mpole tunayejifunza kumpenda kabla ya kujua ana madai gani.

Si ajabu kwamba riwaya hii iliwagusa wasomaji wa Kenya. Mwaka wa 2003 serikali iliunda Tume ya Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, nayo ilitoa ripoti mwaka wa 2004. Wengi waliosoma habari za Sokomoko walijua kwamba katika nchi yao pia ploti na njama zilikuwa zimekaa meza moja.

Ushauri kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Je, tuseme "ploti" au "msuko"? Mjadala huu husikika katika mikutano ya walimu, na wakati mwingine kwa ukali. Wapo wanaoona "ploti" kuwa uvivu wa kukopa, na wapo wanaoona "msuko" kuwa neno ambalo mwanafunzi hulichanganya na usukaji wa nywele. Maoni yetu ni kwamba kila neno linaonyesha upande mmoja wa jambo, na mwanafunzi anahitaji pande zote mbili.

"Ploti" inamfunza kuuliza maswali ya mpimaji. Mtunzi ameanzia wapi na kukomea wapi? Ni matukio gani ameyaacha nje ya mpaka? Kwa nini sura hii ni ndefu na ile ni fupi? "Msuko" unamfunza kuuliza maswali ya msusi. Tukio hili limeshikwa na lipi? Tukilichomoa, nini kitalegea? Ni uzi upi uliofichwa hapa na kuibuka kule?

Mtahiniwa na azingatie mambo matatu anapojibu swali la ploti. Kwanza, asisimulie kisa. Ataje tukio kwa sentensi moja kisha aeleze limeletwa na nini na limeleta nini. Pili, aonyeshe mpangilio: kama matukio yanafuatana moja kwa moja au kuna urejeshi, na faida ya mpangilio huo. Tatu, asichanganye ploti na mandhari. Mahali ni sehemu ya kazi, lakini ploti ni ule mpaka na ule mfungamano aliouweka mtunzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno "plot" lilianza kama kipande cha ardhi, likawa mchoro wa ardhi hiyo, likawa karatasi ya waigizaji, likawa njama, na mwishowe likawa istilahi ya fasihi. Katika kila hatua lilibeba wazo lile lile: mtu amekitwaa kitu kilichotandaa bila umbo, akakiwekea mipaka na mpango. Kiswahili kimelipokea neno hilo, lakini kimeliweka kando ya "njama", "msuko" na "ngwe", maneno ambayo wazee wetu hawakuyaazima Uingereza.

Siku nyingine mwanafunzi atakapoinua mkono na kuuliza kama ploti ya riwaya inahusiana na ile ambayo babake anailipia kila mwezi, tusimwambie akae chini. Tumwambie kuwa ameuliza swali zuri, kisha tumwombe atueleze babake aliijuaje mipaka ya ploti yake. Jibu lake litatupa njia ya kuanzia somo.